Opera ya Jumapili Tuliyoisikiliza Wawili

Mama mukwe wangu mpendwa,

Wifi yangu Rebeka ameniambia masikio yako yamekataa simu kabisa. Anasema unaishika, unatabasamu, unaitikia "Amina, amina," halafu unamrudishia bila kujua nimesema nini. Ndiyo maana naandika. Atakusomea polepole, karibu na lile sikio la kushoto, na kama kuna watu wa kanisa lenu wamekuja kukuona, wakae nao wasikie. Sina siri humu. Nataka wajue wewe ni nani kwangu.

Jumapili iliyopita mvua ilitukuta tunatoka ibadani hapa kambini Nakivale. Mume wangu Yakobo akabaki kanisani na wazee, mtoto akalala, nikajikuta mlangoni peke yangu na sahani ya maharage ya kuchambua. Nikakukumbuka mpaka mikono ikasimama.

Ilikuwa Jumapili pia, mama. Wewe ulikuwa unachambua, mimi natafuta habari za kwetu kwenye redio. Wakati ule hatukuwa watu wa kuongea sana. Wewe ulikuwa mama wa Eliya, mimi mke wa Eliya, na Eliya hakuwepo. Tulipokimbia Kongo, mwaka ule wa tisini na sita, alituacha njiani akasema anarudi kuangalia ng'ombe, atatufikia kabla ya giza. Hakuna aliyemwona tena. Tulitangatanga bila yeye, kambi hadi kambi, mpaka tukafika Uganda. Kila mara watu wa ofisi ya wakimbizi walipokuja kuhakiki familia na kuuliza, "Huyu Eliya yuko wapi?" wewe ulijibu kabla sijafungua kinywa: "Eko njiani." Miaka ilipita, watu wa ofisi walibadilika, jibu lako halikubadilika. Na mimi nilisimama nyuma yako nikiwa si mjane wala si mke.

Siku hiyo, badala ya habari, nikaangukia sauti ya mwanamke anaimba kama mtu aliyesimama ukingoni mwa shimo.

"Acha fasi hiyo," ukasema, ukanishika mkono nisiisogeze. "Huyu analilia nani?"

Nikasogeza sikio. Mtangazaji alikuwa anaeleza kwa Kifaransa, na Kifaransa changu cha sekondari kilikuwa bado kinapumua. Nikakuambia ni opera, mchezo ambao watu hawasemi, wanaimba kila neno, na kwamba unaimbwa saa hiyo hiyo katika jumba moja la Ulaya. Si wa zamani, umetungwa juzi juzi, na habari yake ni ya siasa. Rais amepinduliwa na jenerali wake, yule yule aliyemsimamia kwenye ndoa. Wanajeshi wamemchukua, na mke wake anazunguka mji mzima akiuliza amepelekwa wapi.

"Mapinduzi inaimbwa?" ukauliza. "Sisi tuliikimbia, hatukuiimba."

Nilicheka. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kucheka mbele yako.

Halafu, mwimbaji aliponyamaza kidogo, mtu akakohoa. Ulishtuka ukaweka sahani chini.

"Kuna mutu amekohoa."

"Ni watu waliokaa kutazama, mama."

"Kumbe iko kweli. Batu biko pale sasa hivi, banaangalia ule mama."

Kuanzia hapo hukugusa maharage tena. Kila mara mtangazaji aliposimulia sehemu inayofuata nilikutafsiria, na wimbo ulipoanza uliniuliza, "Anasema nini?" Mara nyingi sikuwa nashika ila neno moja moja, maana wale watu wanavuta neno mpaka linapotea. Nilikuambia, "Amesema mlango." "Amesema viatu vyake." Ilikutosha. Jenerali alipoimba na ile sauti yake nzito, ulimsonya. Kwaya ya wanawake wa mji ilipoingia, ukainama kama unavyoinama wakati kwaya yetu inaimba, ukasema, "Hawa bamefundishwa vizuri."

Mke wa rais alipofika kwenye lango la ikulu kumuuliza jenerali kwa mdomo wake, redio ikaanza kukwaruza. Sauti ilikwenda ikarudi, ikaenda moja kwa moja. Uliinuka, wewe mama mzima, ukaizungusha ile redio uani, ukaiinua kichwani, ukasimama nayo juu ya jiwe la kufulia. Majirani wakatoka kuangalia. Haikurudi.

Na tangu siku hiyo tulikuwa na kitu cha kuongea. Tulikwenda kuchota maji unauliza, "Zawadi, unazani bwana yake alirudiaka?" Tunapalilia mahindi: "Labda bamemufunga tu. Gereza mingi zinafunguliwaka." Nilijua unamuuliza nani hasa. Sikuthubutu kusema. Yakobo alikuwa ameshatuma watu kunichumbia, nao wazee walimrudisha, kwa sababu huwezi kumwoa mke wa mtu aliye njiani. Hukuwahi kunitajia jambo hilo, nami sikukutajia. Tuliongea habari za ule mama wa redioni.

Kisha nikapata kazi ya kupika mjini Mbarara, mtaa wa Kamukuzi, kwa yule madame mwalimu wa Kifaransa na mume wake. Jicho lako lilipofunikwa na ukungu nikakuleta mjini lifanyiwe upasuaji, na wakakubali ukae kwangu, kwenye chumba cha nyuma, mpaka upone. Madame nilikuwa nimeshamsimulia ile opera, maana alikuwa mtu wa muziki. Asubuhi moja akaniita jikoni. Opera yenu, akasema, inaimbwa tena, katika mji mwingine, na dishi yao itaitoa moja kwa moja, kwa sauti tu bila picha, Jumapili alasiri. Wao wamealikwa Biharwe, nje kidogo ya mji. Tukae sebuleni tusikilize.

Nakuona bado kwenye kile kiti, kitambaa cheupe jichoni, kitenge cha ibada, miguu imebana kwa heshima ya zulia la watu. Safari hii sauti ilikuwa safi kama maji ya chupa. Tulisikia mpaka viatu vya waimbaji kwenye mbao. Ulikuwa unawatambua: "Huyu njo jenerali. Nyamaza, ule mama anakuja."

Alipofika langoni sauti yake ilipanda juu sana, na yule askari Mnyankore, mwenyeji wa huko, aliyelinda geti akaingia mbio na fimbo yake.

"Nani napiga huyu mama?"

"Ni redio, afande," nikamwambia.

"Redio gani nalia hivi? Iko shida gani?"

Wewe ukamjibu bila kugeuka: "Kaa chini. Bwana yake amepotea." Naye akakaa, mama, sakafuni, fimbo magotini, akasikiliza na sisi.

Nilikutafsiria alivyoeleza mtangazaji: jenerali aliimba kwamba hamjui mtu huyo. Hajawahi kumwona. Yule aliyekula harusi yake! Mke akamuuliza mara ya mwisho, si yuko hai au la, bali amelala upande gani. Hakujibiwa. Basi akageuka, akatoka langoni, akakaa barabarani. Wanawake wa mji wakamjia, na kwaya ikaanza kilio. Hapakuwa na jeneza, hapakuwa na kaburi. Walilia tu, kwa sauti zilizopangwa vizuri, mpaka zikaisha moja moja. Hata kikohozi hakikusikika, halafu watu wa kule wakapiga makofi.

Wewe hukupiga.

"Zawadi. Hawakumupatia maiti."

"Hawakumpa, mama."

"Na bamelia."

"Wamelia."

"Basi," ukasema. Ukaomba maji.

Tuliporudi Nakivale ulikwenda kwa mchungaji hata kabla ya kufungua mizigo. Ukamwambia Eliya mwana wako amekufa na unataka matanga. Mchungaji akauliza kama kuna habari mpya kutoka kwetu. Ukasema hakuna, na ndiyo habari yenyewe. Wamama wa kwaya wakaja, turubai likafungwa, na wewe, uliyekuwa hujadondosha chozi mbele yangu miaka yote ile, ulilia mpaka nikakushika kiuno. Nililia nami. Nilimlilia Eliya, na nilikulilia wewe.

Matanga yalipoisha ulimwita Yakobo mwenyewe. Siku ya harusi yetu ukakaa upande wa bibi arusi. Shangazi yake Yakobo alipouliza, "Huyu si mama ya bwana wa kwanza?" ulimwambia, "Leo niko mama ya binti." Nilikusikia kutoka chumbani.

Ya baadaye unayajua, lakini acha niyaseme mbele ya watu. Nilihamia kwa Yakobo, kadi ya familia ikagawanywa, nami nikaandikwa kwake. Ilipokuja safari ya wakimbizi kwenda Amerika, jina lililoitwa lilikuwa lako na la Rebeka. Nilikwenda ofisini kuomba. Wakaniambia kwa upole kwamba mimi nina familia yangu. Ndipo Rebeka akaniambia alikuonya, kabla ya matanga, kwamba nikiolewa nitatoka kwenye dosiye yako, lile faili la safari.

Nilikukuta unakunja nguo. "Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Na bado ukaniacha niolewe?"

Hukuacha kukunja. "Nikubebe Amerika kama sanduku? Bila bwana, bila mutoto, unangojea na mimi mpaka nikufe? Hapana, binti yangu."

Basi la asubuhi lilikuchukua pamoja na wengine. Ulikaa dirishani upande wa pili, sikuona uso wako, niliona kilemba tu. Nilirudi nyumbani nikapika chakula kingi kuliko watu waliokuwepo.

Sijui niuite nini huu uchungu, kwa sababu umechanganyika na kila kizuri nilicho nacho. Yakobo ni mtu mwema. Mahindi yamekubali mwaka huu. Lakini kuna maneno ambayo siwezi kumwambia mtu mwingine, na saa za Jumapili alasiri ni ndefu. Ningependa kukaa nawe hata bila kuongea, hata usinisikie.

Mtoto wetu tulimpa jina lako, Esteri, hilo unalijua. Sasa ameanza kuuliza habari zako, bibi yake, koko anavyokuita. Jumapili ile ya mvua aliamka akakuta nimeshika picha yako, ile uliyovaa koti kubwa kwenye theluji.

"Koko Esteri ni mama ya papa?"

"Hapana. Mama wa papa alibaki Kongo."

"Ni mama yako?"

Nilitaka kumweleza habari ndefu, ya Eliya, ya ng'ombe, ya kwaya ya wanawake wa mji nisioujua. Alikuwa amesimama ananingojea, usingizi bado machoni.

Nikamwambia ndiyo.

Mungu akulinde huko kwenye baridi, mama, na Rebeka asichoke kukusomea.

Ni mimi binti yako,
Zawadi