Ruta ya Mahat Haina Kosa

Mpendwa Shangazi Nakal, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, na tafadhali jina langu lisisomwe hewani.

Mimi ni karani katika ofisi ya vibali vya kuhamisha mifugo hapa Isiolo, nina miezi minne tu kazini, na mwezi uliopita mwenzangu Mumina, ambaye ni mjamzito na meza yake iko ubavuni mwa yangu, alinisihi nipunguze miale ya Wi-Fi kwenye laptopu yangu kwa sababu aliambiwa inadhuru mtoto, nami, kwa kuwa laptopu inatumia mfumo wa Linux na napenda kujaribu vitu, nikashusha nguvu yake ya kurusha mawimbi kutoka kipimo cha dBm ishirini hadi tatu, nikaandika amri ya kufanya hivyo ijirudie kila ninapoiwasha, Mumina akashukuru, nikasahau.

Tangu hapo mtandao unakuja na kupotea. Kinachonishangaza ni kwamba alama za mawimbi zimejaa, lakini nikituma kibali kinakwama. Juzi Mzee Dida, aliyetoka Sericho na ngamia wa kuuza, alingoja kwenye benchi tangu asubuhi, akaniambia, "Kijana, mashine yako ni kama bibi arusi: inasikiliza tu, haijibu." Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini neno hilo likanikaa kichwani, nikabeba laptopu hadi chini ya ruta, kile kisanduku cha kurusha Wi-Fi kilicho mwisho wa korido, na kibali kikaenda mara moja. Hapo ndipo nilipokumbuka ile amri niliyoandika.

Shida ni kwamba mkubwa wetu ameshaamua kosa ni la Mahat, fundi aliyefunga ruta, na Ijumaa anamwachisha kazi. Alimwambia mbele yangu, "Umetufungia takataka." Mahat akaniangalia niseme kitu, nikainama. Je, kweli laptopu inaweza kusikia vizuri na isisikike? Na nikikiri, si mimi nitakayefukuzwa?

Karani mwoga, Isiolo mjini

Karani, pole. Swali lako la kwanza lilinivutia hata nikaenda kumsumbua Barwaqo, fundi wa mitambo hapa studio. Anasema zile alama hupima jinsi sauti ya ruta inavyokufikia wewe, si jinsi yako inavyoifikia ruta. Ruta inapaza sauti, wewe unanong'ona kutoka mbali. Mzee Dida aliliona hilo akiwa kwenye benchi!

Futa ule mstari uliouandika, kisha andika "sudo iw dev wlan0 set txpower auto". Ukiandika "iw dev" utaona kama nguvu imerudi. Angalia pia kwa "iw reg get" kwamba nchi iliyowekwa ni KE, yaani Kenya, na usijitie uko nchi nyingine ili upate nguvu zaidi, sheria ipo. Halafu tuma vibali ukiwa mezani kwako, si kimoja, kumi.

Mumina mwambie wazi kwamba umerudisha. Ruta na simu yake vilikuwa vinarusha mawimbi siku zote hizo. Hofu yake aipeleke kliniki, si kwa karani.

Lakini kule kuinama, mwanangu, kumenikasirisha. Msomi mzima unaacha mtu apoteze kazi kwa mstari ulioandika wewe? Usingoje Ijumaa. Mpigie Mahat leo, mwonyeshe kwa macho yake, kisha mwingie nyote wawili kwa mkubwa, wewe ndiye uanze kusema. Siwezi kukuahidi kwamba hutakaripiwa.

Ukiwa mle ndani, usinong'one.