Kengele ya Shimo la Mkumbara

Mkumbara, mvua za vuli zimekwisha

Mke wangu Mama Kalunde,

Pokea salamu nyingi kama karanga za shamba lako. Hujambo? Watoto hawajambo? Na mguu wa mama, unamruhusu kutembea? Mimi ni mzima, ila nywele zinanihama bila kuaga. Mwambie mwalimu anayekusomea asiruke mistari, hata ile ya kuniaibisha.

Nilikueleza kwamba niliacha kukata mkonge nikapewa kazi ya kulinda shimo. Usicheke bado. Yuko mhandisi Mzungu anayejaribu chombo cha kutahadharisha watu tetemeko la ardhi likija. Shimoni hapa, chini ya milima, amening'iniza chuma kizito. Ardhi ikitikisika, chuma kinagusa waya, na waya unapita juu ya nguzo za reli mpaka shamba la mkonge la Kwamndolwa, Korogwe, kupiga kengele.

"Tetemeko hutembea, umeme hukimbia," aliniambia. "Watu watapata nafasi ya kutoka nje."

Shida ikawa vinu. Wanawake wa hapa hutwanga mahindi pamoja, karibu na shimo, na kila mara michi ikishuka kengele inalia Kwamndolwa bure. Mzungu akanituma mimi niwaombe wahame, kwa kuwa nina mdomo. Nikaenda kwa mtani wangu Mhina, Mzigua wa Handeni, ambaye mkewe ndiye kiongozi wa watwangaji. Unajua Wanyamwezi na Wazigua tulivyo.

"Babu yako alibeba pembe za ndovu," akasema, "wewe umebebeshwa shimo! Ukoo unapanda cheo."

"Heri shimo kuliko kumbeba Mzigua. Lakini sikia, mtani. Mdogo wako yuko kiwandani kule Kwamndolwa, kwenye ile mashine ya korona ya kukwangua mkonge. Kengele hii ni yake."

"Yake kweli?"

"Yake."

Basi wakavihamishia vinu ng'ambo ya mto, mke wa Mhina akinitukana njia nzima kwa furaha.

Mama Kalunde, ardhi ikatikisika kweli. Chuma kikagusa. Mhandisi akarukaruka, "Kimefaulu! Kimefaulu!" nami nikarukaruka naye, na tumbo langu hili. Kesho yake treni ikaleta habari: ukuta wa kiwanda umemwangukia mdogo wake Mhina, mkono umesagika. Kiwanda kizima hakuna aliyesikia kengele.

Nikapanda treni kwenda Kwamndolwa, nikaufuata waya kwa macho. Ulipita kambi ya wafanyakazi, ukapita kiwanda, ukaingia barazani kwa meneja. Mpishi wake akaniambia, "Ililia sana. Bwana na bibi wakatoka wakasimama kwenye majani. Mimi nikadhani naitwa, nikakimbilia ndani na chai."

Nilipomuuliza mhandisi hakukana. "Lilikuwa jaribio tu," akasema. "Sasa tunakwenda kuchimba Handeni. Wanawake wanakusikiliza, utazungumza nao."

"Na huko kengele itakuwa kwa nani?"

"Hiyo si kazi yako."

Nikamwambia atafute mdomo mwingine. Nimerudi kwenye mkonge, nao umenipokea kwa miiba yake yote.

Hayo yote ningeyameza. Lakini nilikwenda kwa Mhina kumpa pole na kumweleza waya ulikoishia. Akasikiliza mpaka mwisho, akanisogezea kigoda.

"Karibu, bwana," akasema. "Ahsante kwa kuja."

Bwana! Nikajaribu kumchokoza: "Wazigua mmeanza lini kuwapa wageni viti?" Mkewe akatazama pembeni. Mhina akajibu taratibu, "Tumeshukuru, bwana." Nimetukanwa na wengi katika maisha yangu, mke wangu, lakini heshima ile ilinitoa machozi njiani.

Mpe mama shikamoo yangu. Msalimie kaka yangu mkubwa anayetuangalizia ng'ombe, na shemeji, na jirani yetu mfinyanzi. Kalunde mwambie baba anamwaza.

Ukinijibu, nitanie kidogo, hata kuhusu nywele. Huku hakuna anayenitania tena.

Ni mimi mumeo,
Baba Kalunde