Tabibu Odilo na Ahadi ya Sindano

Mwaka umetimia, Odilo, tangu tukulaze pale kijijini Yakobi, Machi ile ya 1998, katika mvua iliyogoma kukatika. Uchungu umepungua kidogo, hatutakudanganya. Hofu ndiyo haijapungua, na hofu yenyewe ni kwa ajili ya mtu aliye hai.

Ulikuwa tabibu wa hospitali ya misheni, lakini Makambako walikuita Bwana Maini. Madaktari walipoanza utafiti wa magonjwa ya ini na nyongo, wewe ulipewa kazi ya kuwafuatilia wagonjwa majumbani. Uliwafuata madereva wa malori gereji na wauza mitumba vibandani, ukawavuta kope mbele ya wateja wao: "Hebu nione kama manjano yametoka." Walikucheka, walikukwepa, mwishowe walikuja kupimwa. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, uliuonja, hatukatai, ila ukiulizwa ulisema ni wa utafiti. Mkeo Dorosela akikumbuka hilo anacheka peke yake jikoni, kisha analia.

Kazi iliyokukondesha ni kuwaomba wafiwa ruhusa. Mgonjwa akifa bila ugonjwa kujulikana, madaktari walihitaji kuichoma maiti sindano ndefu ubavuni na kutoa kipande chembamba cha ini, kikapimwe. Alipofariki Nasiri, msafirishaji wa Makambako, ndugu zake walikuwa wameshaandaa sanda. Mkewe Rukaiya alikuuliza, "Angekuwa wako, ungekubali?" Ukamjibu, "Siku yangu ikifika, na mimi nichomwe." Akaruhusu.

Siku yako ikaja mapema mno. Macho yakawa manjano, tumbo likajaa maji, na mashine ya kupiga picha ikaonyesha uvimbe kwenye ini bila kusema ni wa nini. Ukamsihi Dorosela ahadi ile isife pamoja nawe.

Nje ya chumba cha maiti, kaka yako Silvesta alisimama mlangoni. Jeneza lilikuwa kwenye pikapu, daktari anangoja ndani, sisi mvua inatupiga.

"Mdogo wangu haendi kaburini akiwa pungufu," alisema.

"Shemeji, mwenyewe alitaka," alisema Dorosela.

"Mwenyewe amekufa. Sasa anasemewa na ukoo."

Katika ukoo wetu kaka mkubwa akishatamka juu ya maiti, mke hunyamaza. Dorosela aliinamisha kichwa. Ndipo Rukaiya, aliyekuja msibani kutoka Makambako, khanga imelowa chapachapa, akasogea mbele.

"Baba, mume wangu nilimzika na tundu ubavuni kwa neno la huyu marehemu wenu," alisema. "Au wangu hakuwa mtu?"

Dorosela alimpita Silvesta, akasukuma mlango, akamwambia daktari afanye. Silvesta hakutupa udongo kaburini, na tangu siku hiyo hajatia mguu nyumbani kwako.

Majibu yalirudi kutoka Dar es Salaam wakati wa kuvuna mahindi. Ilikuwa saratani ya ini. Si ulanzi, wala si sumu ya mtu kama watu walivyonong'ona. Daktari alisema chanzo ni virusi vilivyokuwa kwenye damu yako, huenda tangu utotoni, kutoka kwa mama aliyekuzaa. Wanao Lightness na Timoth walipimwa haraka, damu zao ni safi. Kisha daktari akamgeukia Dorosela: "Marehemu ana ndugu wa tumbo moja?"

Anaye mmoja tu. Dorosela hachoki kwenda kwake. Silvesta humpokea uani, huitikia salamu, "kamwene," halafu hushika jembe lake. Safari ya mwisho alisema, "Mlimtoboa mdogo wangu, sasa mnanitaka na mimi." Dorosela akamweleza kwamba kwa mtu mzima wa afya ni damu kidogo tu na picha ya tumbo, na kwamba uvimbe ukiwahiwa ungali mdogo unaweza kukatwa. Alikuwa anausemesha mgongo. Jumapili iliyopita alimwona kanisani. Koti limempwaya mabegani, na mkono ameukandamiza ubavuni, kulia, pale pale ulipoanza kushika wewe. Misa nzima Dorosela hakusikia neno.

Akafikiri. Silvesta hamsikilizi mtu, lakini gazeti halimpiti, na akilipata huanza na ukurasa huu wa marehemu, kuona ni nani amemtangulia. Kwa hiyo utuwie radhi, Odilo. Tangazo ni lako, ila leo tunaongea nawe kwa sauti ya juu ili naye asikie. Kwa udongo ule ambao hakuutupa hatuna kinyongo naye. Tunamtaka mzima.

Unakumbukwa na mkeo Dorosela, wanao Lightness na Timoth, Bi Rukaiya wa Makambako, na kaka yako Silvesta. Yeye hatukumwomba ruhusa ya kuandika jina lake. Tumeliweka upande huu, wa wanaokumbuka, na mwakani tunataka liwe upande huu huu.

Mioyoni mwetu hutoki, Odilo. Shemeji, nenda ukapimwe.