Kiota cha Mbayuwayu Barazani

Jumanne, Aprili 1979

Sitakibomoa hicho kiota, hata mama mkwe akasirike.

Leo nilikuwa napepeta pojo nyuma ya nyumba, Kasyoka wangu amelala kwa mkeka barazani. Mbayuwayu wakaanza kulia vibaya, si ile kelele yao ya kuleta chakula. Nikatupa ungo nikakimbia. Nyoka alikuwa amepanda nguzo, kichwa ndani ya kiota, mkia unaning'inia juu ya mtoto. Ee Mungu, ningechelewa kidogo tu...

Nilimnyakua mtoto. Nyoka akaanguka, mama mkwe akamuua na jembe.

"Hicho kiota ndicho kinaita nyoka," akasema. "Kibomoe, mama Kasyoka. Ama unangoja aume mtoto?"

"Mwaitu, mama yangu, hata panya wa jikoni wanaita nyoka. Lakini panya wangeniita mimi nije kumwokoa mtoto?"

Alicheka, kisha akakumbuka ana hasira.

Naogopa, siwezi kujidanganya. Kuanzia kesho Kasyoka atalala mgongoni mwangu nikifanya kazi. Lakini kinda mmoja ameliwa, na wale wengine bado wanafungua midomo wakimwona mama yao. Nitawatupaje nje?

Jioni nikakata miiba ya mgunga, nikaizungushia nguzo vile tunaziba boma la mbuzi. Mama mkwe alisimama akiniangalia tu.

"Unafunga kama mtu wa mjini," akasema. "Hapo nyoka anapita na watoto wake."

Akafungua yote, akaifunga upya na ile kamba yake ya kusuka kiondo.