Ukuta wa Mzee Kondo na Siku Tisini

Mama,

Mpaka leo tunapita upenuni kwa Mama Shani. Ukuta wa Mzee Kondo uko palepale, umeiziba njia yetu, na juu yake sasa kuna vipande vya chupa. Kaviweka baada ya arobaini yako. Siwezi kusema kaviweka kwa sababu yako, lakini siku yenyewe nimeitunza kichwani. Wanijua.

Nakuandikia kwa kuwa kuna mambo siwezi kuyasema hapa nyumbani bila kuambiwa nina haraka. Weye ulikuwa unaniacha niimalize hesabu yangu hadi mwisho, hata pale ulipokuwa hukubaliani nayo.

Nianze na siku tuliyokutoa. Wanasema maiti husikia nyayo za wanaomzika. Basi na ule ubishi utakuwa uliusikia. Jeneza lilikataa kukata kona pale upenuni, baina ya nyumba ya Mama Shani na tangi lake la maji. Vijana wakataka walisimamishe kidogo lipite. Mjomba Hemedi akakataa: "Dada yangu hasimamishwi." Ikabidi upite juu. Wengine wakapanda, wengine wakazunguka hadi barabarani, nawe ukavushwa juu ya ukuta uleule uliokuwa unaushitaki. Na aliyenyoosha mikono upande wa pili, wa kwanza kabisa, alikuwa Mzee Kondo. Alikubeba mpaka makaburini, akatupa udongo wake. Jioni akaja kwenye kisomo, akala wali wa msiba, akaniambia, "Pole mwanangu. Bi Rukia alikuwa mtu na nusu." Nikamjibu, "Ahsante, baba." Ningesema nini? Nyumba imejaa watu, na mwili wako kaubeba.

Baadaye nikarudi darasani, yale masomo ya sheria ya jioni. Kipindi cha kwanza kilikuwa kile ulichokuwa ukikidharau, mwenendo wa mashauri ya madai. Unakumbuka nilivyokuwa nikikueleza huku tunachambua mchele: nani anaandika madai, nani anapelekewa wito, mdaiwa ana muda gani wa kujibu, jalada likikosewa jina linakuwaje. Uliacha kuchambua ukaniangalia. "Yaani miezi yote hii mnafundishwa kupiga hodi? Kuingia ndani mtafundishwa lini?" Nilikasirika siku ile. Ada nilikuwa najilipia mwenyewe kwa kuuza mitungi ya gesi, nawe unaniambia nimenunua hodi.

Mwalimu siku hiyo alifundisha mdai anapofariki. Akasema shauri la ardhi halifi pamoja na mtu, linamsubiri mwakilishi wake wa kisheria aingie mahali pake. Ila halisubiri milele. Ana siku tisini za kuomba. Zikipita, shauri nalo linakufa. Wenzangu wakainama kuandika. Mie sikuandika. Nilikuwa natoa kwenye tisini: ishirini na sita zilishakwenda.

Na mwakilishi si mtoto yeyote tu, Mama. Lazima ukoo ukae kikao umteue msimamizi wa mirathi, muhtasari uandikwe, upelekwe Mahakama ya Mwanzo, tangazo libandikwe wenye pingamizi wajitokeze, ndipo mahakama itoe barua ya usimamizi. Barua hiyo ndiyo inayopelekwa Baraza la Ardhi kwenye kesi yako ya njia. Nikazipanga hatua zote mbele na nyuma. Zilitosha, kama tungekaa kikao wiki ileile.

Hapo ndipo niliponasa. Kwetu nani anataja mirathi kabla ya arobaini? Nilimpigia Mjomba kule Ikwiriri, nikaamkia vizuri, nikaulizia mpunga, nikazunguka weee, mwisho nikasema.

"Mwajuma," akasema, "udongo haujakaa. Weye ushataka kugawa?"

"Sio kugawa, mjomba. Ni ile njia."

"Njia haikimbii."

Nikamweleza siku tisini. Akaniuliza hizo siku kaziweka nani. Nikasema sheria. Akasema, "Na arobaini je, kaiweka nani?" Akakata. Habari ilifika kwa ndugu wa Mbagala kabla sijaweka simu kwenye chaji. Walionisaidia kuosha vyombo vya msiba wakaacha kuniita jina. Ikawa, "Wakili, leta sufuria." Mmoja akasema huku nasikia, "Huyo tumwangalie, atatushitaki mpaka sie."

Sikuwa wakili, hilo ndilo lililoniuma. Mwanafunzi hasimami barazani kumsemea mtu. Mtoto wa marehemu naye hasimami bila barua. Nilijua kila hatua inayotakiwa na hakuna hata moja niliyoruhusiwa kuipiga. Asubuhi nabeba mitungi begani, mmoja mmoja, kupitia upenuni, maana pikipiki ya mzigo haiingii. Jioni nakwenda kusikiliza habari za haki ya kusikilizwa. Nikirudi, nabisha hodi kwa Mama Shani ili niingie kwetu. Hajawahi kunikatalia. Ila siku hizi akifungua anasema, "Ndo weye tena."

Tukafanya jaribio. Swali la pili: mdai amefariki shauri likiendelea, mpe mwanawe ushauri. Nilipata ishirini na saba kwa thelathini. Tatu nilizokatwa ni za kutotaja kwamba shauri lililokufa linaweza kuombewa lirudishwe, ukiwa na sababu ya msingi. Nilijua. Mkono ulikataa kuandika. Niende mbele ya mwenyekiti wa baraza nikamwambie sababu yetu ya msingi ni kuwa mjomba alikuwa anavuna?

Maana ndivyo ilivyokuwa. Arobaini ilipopita alirudi Ikwiriri kwenye mpunga wake. Kikao tulikaa siku ya hamsini na mbili, uani kwako, juu ya ule mkeka wa ukili. Wakamteua yeye. Hakuna aliyenitaja, isipokuwa kusema, "Mwajuma ana haraka, na mwenye haraka hakabidhiwi kisu." Watu wakacheka. Hata mie nilitabasamu, ujinga gani sijui.

Halafu Mjomba akauliza ile stoo ya gesi ni ya nani.

Mama, ile stoo weye ndiye uliyeniambia, "Jenga hapo, nani atakuuliza?" Nikajenga, tofali moja moja, kwa jasho langu. Sasa nimeulizwa. Sina karatasi. Kilichopo ni neno lako, na weye huwezi kuitwa kutoa ushahidi.

Akasema, mbele ya ndugu zangu wawili wa tumbo moja, "Ukitia saini kwamba stoo ni mali ya marehemu, kesho asubuhi twende mahakamani. Usipotia, basi tuendelee kuzungumza." Ningeweza kubishana. Hoja ninazo, na nyingine nzuri tu. Lakini kila siku ya kuzungumza ilikuwa inakatwa kwenye siku zako. Zilibaki thelathini na nane, na lile tangazo lingekula sehemu kubwa. Nikatia saini.

Mjomba si mwizi. Nasema hivyo japo nina hasira naye. Anaamini kabisa kwamba nilikuwa naikimbilia kesi kwa ajili ya mitungi yangu, na kwamba akinitoa kwenye stoo, basi kesi imebaki safi, yako peke yako. Labda ndivyo watu wa ukoo wanavyopima: wa kuaminiwa ni yule asiyefaidika. Ila mie nimekula kiapo cha kutofaidika bila kuulizwa.

Barua ya usimamizi ilitoka zikiwa zimebaki siku saba. Baada ya siku mbili tulikuwa tumeshapeleka maombi. Walipotuita kusikilizwa, nilikaa benchi la nyuma. Karani alisoma jina la Mjomba, kisha, "msimamizi wa mirathi ya marehemu Rukia." Nilikuwa nimelisoma hilo neno marehemu kwenye cheti, nikalisikia kwenye dua, lakini niliposikia likisomwa kwenye kesi yako, Mama, nusura niinuke nimsahihishe. Siku zote pale uliitwa Rukia tu, nawe ukiinuka unaivuta kanga.

Mwenyekiti akamuuliza Mjomba anaomba nini. Akageuka kuniangalia. "Mzee, jibu mwenyewe," karani akasema. Mjomba akavua kofia, akaivaa tena.

"Naomba dada yangu apewe njia."

"Marehemu?"

"Ndiyo, huyohuyo."

Mzee Kondo alikuwa kaketi ng'ambo. Akainamisha kichwa. Sijui kama ni haya au usingizi. Maombi yakakubaliwa, kesi ikapangiwa siku nyingine ya kusikilizwa.

Kwa hiyo kesi ipo hai, na njia bado haipo. Stoo sasa ni ya watoto wote watatu, nami ni mpangaji wake. Theluthi ya kodi najilipa mwenyewe. Nikimweleza mtu anacheka, basi nimeacha kueleza.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako, Mama. Huku kwetu kungali kwembamba. Kwaheri kwa leo. Nakuahidi tarehe zote nitakwenda, nikae nyuma nimefunga mdomo, na njiani nimfundishe Mjomba la kusema hata kama atadhani ni lake. Baraza likitupa njia, nitakuja nikwambie. Likitunyima nitakuja pia, na hiyo siku nitakaa kidogo tu, maana muda wa kukata rufaa utakuwa umeshaanza kuhesabiwa.

Mwanao,
Mwajuma