Mkorosho wa Bibi Somoe

Mandawa, Ruangwa
Agosti 2001

Kaka Hamisi,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ila vumbi limetufanya wote rangi moja.

Unakumbuka ulivyocheka chuo kilipotupanga sisi wa kilimo pamoja na wanafunzi wa lugha kwa mafunzo ya vitendo huku kijijini? Nami nilicheka. Sasa sikia. Jana tulikwenda shambani kwa Bibi Somoe, ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Nikaona mkorosho wake una majani meupe. Nikatangaza, "Huu ni ugonjwa wa ubwiriunga! Tawi hili likatwe kabla haujasambaa." Nikaeleza mambo ya darasani mpaka jasho likanitoka, kisha nikainua panga.

Bibi akanidaka mkono, akanimwagia maneno kwa Kimwera. Nikadhani anabishana na utaalamu.

Rehema, mwenzetu wa lugha, amekuwa akijifunza Kimwera kwa majirani tangu tufike. Akaangua kicheko. "Isa, weka panga chini! Bibi anasema huo ni unga wa muhogo. Kachekecha hapa asubuhi, upepo ukaupeleka mtini."

Nikafuta jani kwa kidole, nikaonja. Muhogo kweli! Na tawi lenyewe limejaa maua. Nusura nimkoseshe bibi wa watu korosho zake. Nilimwomba radhi nimepiga magoti.

Leo Rehema amenifundisha kuamkia kwa Kimwera. Nimemwamkia bibi, akacheka mpaka akakaa chini. Rehema amekataa kuniambia nimesema nini.

Mama mpe shikamoo yangu, na watoto wabebe mgongoni kwa niaba yangu. Nimewakumbuka sana.

Mdogo wako,
Isa