Sentensi ya Pasta niliyoigeuza

Butembo, Jumapili jioni. Mvua imetufuata kutoka Masereka mpaka hapa nyumbani. Nguo zinakauka karibu na makaa, na sauti yangu imekauka kabisa.

Mimi ni mtafsiri wa kanisa. Pasta anahubiri kwa Kiswahili, mimi ninasimama kando yake ninasema kwa Kinande, kwa ajili ya wamama wa milimani. Mwaka wa sita sasa. Watu hawajui kama kazi hii ni ya koo zaidi ya kichwa. Pasta akipanda, ninapanda. Akinong'ona, ninanong'ona. Akiruka, na mimi, mama wa batoto wane, ninaruka.

Leo, kule Masereka, tulikuwa na Pasta mgeni kutoka Bunia. Kinande hakijui hata kidogo. Anaanza polepole, kama mtu anayekupa siri, kisha anapanda mpaka mishipa ya shingo inasimama, na kila mwisho wa sentensi anavuta pumzi kwa kishindo: ha! Kisha, "Mwambie jirani yako!" Nilimfuata vizuri. Nakiri kwamba nilifurahia, watu walikuwa wanatutazama.

Halafu akapaza sauti: "Kama mutoto wako alikufa, ujiulize ni mulango gani ya zambi uliacha wazi! Ha!"

Kwenye benchi ya pili alikuwa Mama Masika. Alikimbia kutoka upande wa Mutwanga baada ya watoto wake wawili kuuawa shambani. Sasa anaishi kwa dada yake, pale Masereka. Alikuwa ananiangalia mimi, si Pasta. Alikuwa anangojea Kinande.

Nilichelewa. Pasta akanigeukia.

Nikasema, bila kupaza sauti, kama ninavyosema jikoni kwangu: kama mtoto wako amekufa, Mungu analia pamoja na wewe.

Mama mmoja akaanza kulia, kisha mwingine. Pasta akafikiri moto wa Roho umeshuka. Akairudia sentensi yake kwa nguvu zaidi, mara mbili. Na mimi nikairudia yangu, mara mbili.

Sijawahi kudanganya mbele ya watu wengi hivyo.

Baada ya ibada Mama Masika alikuja akashika mikono ya Pasta kwa mikono yake yote miwili, akasema maneno mengi, na mwisho, "Wasingya." Neno hilo la asante hata Pasta alilielewa. Mengine akaniuliza.

Ningeweza kumwambia chochote. Nilimwambia kweli: tangu azike watoto wake wawili, hakuna mchungaji aliyemwambia kwamba Mungu analia naye.

"Mais... lakini mimi hapana sema ile," Pasta akasema.

"Ndiyo, Pasta. Ni mimi njo nilisema."

Hakuachilia ile mikono. Alimwangalia Mama Masika. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia asubuhi yote, sauti ndogo ya mtu wa kawaida: "Umuambie pole. Pole sana."

Hiyo niliitafsiri neno kwa neno.

Kwenye pickup, kurudi, aliniambia kwamba nilikosea, kwamba mtafsiri hana ruhusa ya kuhubiri mahubiri yake mwenyewe, na kwamba lazima atamwambia mchungaji wetu. Sikubishana. Ana haki. Mtu akisimama kando yangu anapaswa kujua maneno yake yanafika. Tulipoanza kuona nyumba za Butembo, akaniuliza batoto ba yule mama waliitwa nani. Nikamwambia. Akatoa kalamu, akaandika majina yote mawili pembeni ya Biblia yake.

Kesho asubuhi mimi mwenyewe nitaenda kwa mchungaji wetu, kabla hajaniita. Labda Jumapili ijayo mwingine atasimama mahali pangu.

Lakini kuna kitu kimoja kinanisumbua kuliko hicho. Kama Pasta hangeniuliza yule mama anasema nini, ningemwambia kwamba niligeuza sentensi yake?

Nafikiri ningenyamaza, na ningekunywa chai yangu vizuri tu.